Damu ya uzazi haisubiri: mambo ya kuweka sawa kabla uchungu haujaanza

Jamani huku kwetu Dodoma, hasa ukiingia ndani ndani Chemba, Bahi au Mpwapwa, mtu anaandaa begi la kujifungulia vizuri kabisa, kanga, pamba, beseni, nguo za mtoto, alafu swala la damu hakuna anayeliwaza mpaka limtokee. Na mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya masaa 2 tu, sasa hapo utaanza saa ngapi kumtafuta mume aliko na nani ana hela.

Anza na damu yako mwenyewe. Nenda kliniki mapema upimwe wingi wa damu na grupu, iandikwe kwenye kadi, na vile vidonge vya kuongeza damu umeze kweli, sio viishie kabatini, maana mama aliyepungukiwa damu akipoteza kiasi ambacho mwenzie angekihimili yeye anazimia.

Alafu ndugu wa kuchangia. Watu wengi wanasubiri waitwe siku ya tukio, kumbe damu ikitolewa lazima ipimwe kwanza ukimwi, homa ya ini na kaswende, kwahiyo wachangie mapema, mwanaume kila miezi 3 mwanamke kila miezi 4, wawe wametimiza miaka 18 na kilo 50.

Sehemu ya kujifungulia mpange pamoja. Zahanati wanakuchoma sindano ya oksitosini mtoto akitoka tu, inasaidia sana kizazi kijikaze, ila damu ya kuongezewa na operesheni hawana. Kama una mapacha, umezaa mara nyingi, ulishafanyiwa operesheni au ulishawahi kutokwa damu, usikae nyumbani kusubiri uchungu, sogea kwenye nyumba ya mama ngojea karibu na hospitali, hasa masika, yale makorongo yakijaa hata bodaboda haipiti.

Usafiri wa dharura upo, namba 115 ya m-mama ni bure, wanatuma ambulansi au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Isevu kwenye simu zote za nyumbani, na ya mama mkwe pia. Na mume aseme kabisa mbele ya wote kwamba yeye asipokuwepo mke aondoke bila kumsubiri, hili naliona ndo kubwa kuliko yote.

Maana inavyokuwaga ni hivi, kanga ya kwanza imelowa, wanabadilisha, ya pili imelowa mpaka godoro, bibi anasema hiyo damu chafu acha itoke, mama anatetemeka jasho la baridi linamtoka, midomo imepauka. Hapana! Kanga moja ikilowa chapa au mabonge yanatoka, piga simu, muda huohuo mtoto awekwe kwenye ziwa, mama akojoe, tumbo chini ya kitovu lisuguliwe mpaka liwe gumu. Wakati wa ujauzito damu yoyote ni hospitali, hata kama haiumi, na asiingizwe kidole wala dawa ya kienyeji ukeni.

Akipona pia muangalieni. Wengine wanatolewa kizazi, figo zinasumbua, wengine maziwa hayatoki kabisa na hedhi hairudi, hiyo ni shida ya tezi ya kichwani iliyokosa damu, inatibika kwa dawa, arudi hospitali aeleze alivyotokwa damu.