Kabla hujaomba ruzuku ya kuboresha shamba au kusindika mazao, haya yaweke sawa kwanza

Tangazo la ruzuku ya serikali likitoka watu wanakimbilia fomu, wanatafuta mtu wa kuwaandikia andiko, wanahangaika kuskani makaratasi, halafu siku ya mwisho mfumo unagoma na lawama zote zinaenda kwa mtandao. Ukifuatilia waliopata utakuta wengi kazi kubwa waliimaliza kabla tangazo halijatoka, maana muda kati ya tangazo na dedilaini mara nyingi ni wiki chache na kuna vitu havipatikani ndani ya wiki chache hata ufanyeje, kama vile kibali cha maji, majibu ya udongo, au saini ya ndugu mwenye jina kwenye hati ambaye yuko nchi nyingine. Kwa hiyo naongelea hicho kipindi cha kabla, iwe unataka kuboresha ardhi (mifereji, matuta, umwagiliaji, kutibu udongo) au kufungua kiwanda kidogo cha kusindika huko kijijini.

Naanza na hela kwa sababu hapo ndo wengi wanakwama. Ruzuku nyingi za aina hii zinalipa sehemu ya gharama, na zinalipa baada ya wewe kumaliza kazi na kupeleka risiti. Piga hesabu hivi: mradi ni 100, serikali inalipa asilimia 60. Kichwani mwako unajiona una 60 mkononi na unatafuta 40, ila ukweli ni kwamba unatakiwa uwe na 100 yote, umlipe fundi, umlipe muuza mashine, halafu ndo udai 60 yako na usubiri. Na programu nyingi hazirudishi kodi ya ongezeko la thamani kama unaweza kuidai kwingine, na nyingine hazirudishi kabisa, basi tuseme kodi imeongeza 15 juu, umetoa 115. Sasa mkaguzi anakuja anakataa risiti za 10 kwa sababu hazina jina lako au zina tarehe ya kabla ya mkataba, gharama zinazokubalika zinashuka kuwa 90, asilimia 60 yake ni 54. Umetoa 115 umerudishiwa 54, kwa hiyo 61 ni ya mfukoni mwako, na ulikuwa umejipanga kwa 40. Hii hesabu ifanye kwa namba zako mwenyewe kabla hata hujamwambia mtu kwamba unaomba.

Ndo maana stetimenti ya benki au barua ya benki kwamba wako tayari kukukopesha kwa muda ni karatasi ya kutafuta mapema kabisa, na riba ya huo mkopo wa kusubiria iingie kwenye hesabu zako kwa sababu ruzuku kwa kawaida haiilipi. Uliza pia kama kuna malipo ya awali. Kwa mfano Marekani wana programu ya EQIP inayosaidia wakulima kwenye udongo na maji, kwa kawaida malipo yake yana kikomo cha asilimia 75 ya gharama, ila wakulima wanaoanza na makundi mengine yaliyoachwa nyuma wanaweza kufika asilimia 90 na kupewa angalau nusu ya malipo mapema ili wanunue vifaa. Watu wenye sifa hiyo wapo wengi tu na hawaulizi. Uliza jamani, kuuliza hakupunguzi maksi.

Linalofuata ni fupi ila limeua maombi mengi kuliko andiko bovu: usianze kazi kabla ya mkataba wa ruzuku kusainiwa au kabla ya barua rasmi ya kukuruhusu uanze. Na kuanza maana yake sio kuchimba tu, kutoa advansi ya mashine ni kuanza, kusaini mkataba na mjenzi ni kuanza, na kwenye programu nyingi hata oda uliyoithibitisha kwa barua pepe inahesabika. Kinachoruhusiwa mara nyingi ni upimaji, michoro na ushauri wa kitaalamu, na hata hivyo soma mwongozo uone wao wanasemaje. Kama mvua zinakuja na mfereji hauwezi kusubiri, chimba kwa hela yako na uutoe kwenye maombi, ombea kitu kingine.

Halafu hakikisha ruzuku yenyewe inalipia kitu unachokitaka. Inaonekana ni jambo la kitoto ila ona mfano huu, Marekani hiyo hiyo wana ruzuku ya VAPG ya wakulima wanaoongeza thamani mazao yao, jina linavutia, mtu anafikiri atanunua mashine, kumbe inalipia mipango kama upembuzi yakinifu na mpango wa biashara, au mtaji wa kuendeshea kama vifungashio, kazi ya kusindika na masoko. Mashine na jengo haigusi, na mwombaji anatakiwa aweke mchango unaolingana angalau na kiasi anachoomba. Ulaya nako kuna utaratibu wa LEADER wa kufadhili miradi ya vijijini tangu mwaka 1991 ambapo kikundi cha eneo husika, wenye biashara, serikali ya mtaa na wananchi, ndo kinachagua miradi kulingana na mkakati wa eneo lao, kwa hiyo andiko zuri lisilogusa ule mkakati linapigwa chini. Kila programu ina alama zake za kupimia na mara nyingi zimechapishwa wazi. Zichukue ujipe maksi mwenyewe kwa ukali, kama hufiki kiwango cha chini subiri awamu nyingine.

Upande wa ardhi, kwanza karatasi. Jina kwenye hati ni la nani? Kama ni la babu aliyefariki na mirathi haijafunguliwa, hiyo ni kazi ya miezi au zaidi, ianze leo. Kama ni ya kukodi, mkataba wa kukodi uwe mrefu kuliko kipindi ambacho ruzuku inakutaka uendelee kutumia kilichojengwa, na kwenye ruzuku nyingi za uwekezaji za Umoja wa Ulaya kipindi hicho ni miaka 5 baada ya malipo, kwa hiyo mkataba wa miaka 3 hautoshi hata kama mwenye shamba anakupenda. Pata na ruhusa yake ya maandishi kwamba anakubali ujenge. Na pima shamba upya, kwa sababu eneo lililoandikwa kwenye karatasi na eneo lililopo chini havikubaliani mara nyingi tu, na mkaguzi atakuja na kifaa chake cha GPS.

Kisha udongo. Hapa watu wanaandika "udongo umechoka" na kuomba hela ya chokaa na mbolea, bila kipimo chochote. Kipimo ni rahisi ila kina utaratibu wake: gawanya shamba kwa sehemu zinazofanana (mteremko, rangi ya udongo, historia ya mazao), kila sehemu tembea zigizaga uchukue udongo vituo 15 hadi 20, kina cha kama sentimita 20 hivi kwa mazao ya kawaida, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, ndoo ya bati iliyochubuka inaharibu vipimo vya zinki, toa kama nusu kilo, anika kivulini, andika lebo. Usichote palipokuwa na lundo la samadi, chini ya mti, kwenye njia ya ng'ombe wala sehemu uliyotia mbolea juzi. Majibu yakija utajua kama tatizo ni tindikali kweli, maana pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali imezidi) ikiwa chini ya 5.5 alumini inaanza kudumaza mizizi na chokaa ina maana, lakini ukikuta 6.3 halafu umeomba tani za chokaa, mtathmini (yule anayetoa maksi kwa maombi) anacheka. Kumbuka pia chokaa inachukua miezi kufanya kazi, kwa hiyo usiahidi mavuno kupanda msimu huo huo.

Kwenye maji, swali la kwanza la mtathmini kuhusu umwagiliaji huwa ni kibali cha kuchota, sio pampu ya aina gani. Uwe nacho, au uwe na ushahidi umeomba. Pima na chumvi ya maji kabla ya kuchora mfumo wa matone, maana maji yenye chumvi nyingi yanaharibu udongo ule ule unaotaka kuuboresha na yenye chuma nyingi yanaziba vitundu. Miradi ya umwagiliaji inayofadhiliwa na mfuko wa maendeleo vijijini wa Ulaya inatakiwa iwe na mita ya maji, na ni wazo zuri hata ambako hawalazimishi. Kama ni mifereji ya kutoa maji, jiulize maji yanaenda kutokea wapi, kwa jirani? Pata barua ya jirani. Na kama eneo lina sifa ya ardhioevu, nenda ofisi ya mazingira kwanza, maana huko huenda mradi ukafia hapo hapo na bora ufe kabla hujatumia hela.

Upande wa usindikaji kosa kubwa ni mashine kubwa kuliko mazao. Mashine inasindika kilo 200 kwa saa, masaa 8, siku 5, hiyo ni tani 8 kwa wiki. Kikundi kizima kinavuna tani 20 kwa mwaka. Maana yake wiki 2 na nusu mashine imekula mazao yote ya mwaka, na wiki nyingine 49 na nusu imekaa inakusanya vumbi huku mkopo unalipwa. Basi ama utafute mashine ndogo, ama uoneshe mikataba ya wakulima wengine, ama zao jingine linaloingia msimu tofauti kwenye mashine ile ile. Mtathmini yeyote aliyewahi kuona kiwanda kilichokufa anaitafuta hii hesabu kwanza, na ukimpa kabla hajaiuliza umeshaenda mbali.

Jengo lichorwe kwa mwelekeo mmoja, mali ghafi inaingia huku, bidhaa inatokea kule, visikutane njiani. Sakafu inayooshika yenye mteremko wa kwenda kwenye bomba, mahali pa kunawa mikono mlangoni, maji ya kunywa yaliyopimwa maabara, na pa kupeleka maji machafu. Mwite mkaguzi wa usalama wa chakula aone mchoro ukiwa bado ni karatasi, kufuta ukuta kwenye karatasi ni bure. Uliza shirika la umeme kama umeme wa fezi tatu (ule wa mashine kubwa) unafika pale na kuvuta nguzo ni kiasi gani, kwa sababu gharama hiyo mara nyingi haimo kwenye bei ya mashine na inaweza kuikaribia bei ya mashine yenyewe.

Bidhaa nayo ijue kitaalamu kidogo. Chakula cha kwenye chupa au kopo kinachofungwa bila hewa, kama pH iko juu ya 4.6 na unyevu huru wake (water activity, kipimo cha maji ambayo bakteria wanaweza kuyatumia) ni zaidi ya 0.85, basi uko kwenye eneo la bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, na unahitaji vifaa vya presha na mtaalamu wa kukuthibitishia mchakato, bajeti inabadilika kabisa. Chini ya 4.6 mambo ni mepesi kiasi. Nafaka ikizidi unyevu wa asilimia 13 au 14 hivi ghalani unakaribisha ukungu na sumukuvu, kwa hiyo kipima unyevu kiingie kwenye bajeti kabla ya gari la kusambazia. Anza pia kuandika mpango wa HACCP, zile kanuni 7 za kutambua hatari na kuzidhibiti, hata rasimu ya kurasa chache inaonesha unajua unachofanya.

Kotesheni zinatakiwa mara nyingi tatu, na ziwe za kitu kile kile. Andika wewe mwenyewe karatasi moja ya sifa za mashine, uwezo wake, aina ya chuma, voltiji, dhamana, kusafirisha, kufunga, mafunzo, spea, tuma hiyo hiyo kwa wauzaji wote. Kotesheni tatu zenye fonti moja na makosa ya herufi yanayofanana kila mtu anajua zimetoka wapi. Na muuzaji akiwa shemeji yako sema mapema.

Kama mnaomba kama kikundi au ushirika, katiba, muhtasari wa kikao uliosainiwa unaokubali mradi na mchango, akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na mkubaliane kwa maandishi mashine ni ya nani mwanachama akijitoa. Hili la mwisho watu hulionea aibu, linawatafuna baadaye.

Fungua faili sasa hivi, kila risiti ipigwe picha siku hiyo hiyo, na piga picha za eneo kabla ya kazi ukisimama sehemu moja utakayoirudia baadaye, mawe au mti uonekane ili mkaguzi asibishane na wewe. Muulize mhasibu kama ruzuku yenyewe itatozwa kodi ya mapato, sehemu nyingi inatozwa au inapunguza gharama unayoruhusiwa kudai. Usajili wa mifumo ya serikali ufanye mapema, kwa mfano ule wa SAM wa Marekani ni bure lakini unaweza kuchukua wiki kadhaa na unahuishwa kila mwaka, na kuna watu wanatoza hela kukufanyia kitu cha bure. Anayekuahidi ruzuku kwa uhakika ukimtumia ada kwanza, achana naye.

Ukishakuwa na hivi vitu piga simu kwa afisa wa programu, na maswali yaandike kabisa: gharama zipi hazikubaliki, tarehe gani naruhusiwa kuanza, malipo huchukua muda gani baada ya kudai, na awamu iliyopita waliokosa walikosea wapi zaidi. Majibu yaombe kwa barua pepe, uyaweke kwenye faili lile lile.