Kichwa gani cha risasi ukijaza mwenyewe kwa kulungu

Mlioko Marekani mnaojaza risasi wenyewe, yaani kutia baruti na kichwa kwenye ganda, kwa ajili ya kulungu wa mkia mweupe, msianzie kwenye baruti, anzieni kwenye kichwa maana ndo kinachomgusa mnyama. Kwa bunduki za saizi ya .308 au .30-06, kichwa cha greini (kipimo cha uzito) 150 hadi 165 zinatosha kabisa, hizo 180 waachieni wa elki, wale kulungu wakubwa.

Vile vya kawaida, madini laini ya risasi ndani na koti la shaba nje, bei poa na vinafunguka (vinatanuka vikimgonga mnyama) haraka, ila ukipiga karibu kwa kasi kubwa vinaweza kusambaratika na kuharibu nyama ya bega. Nosler AccuBond moyo wa ndani na koti la nje vimeshikamanishwa, havipasuki ovyo. Halafu kuna shaba tupu kama Barnes TSX, inapenya balaa lakini inataka kasi ndo ifunguke, kwa hiyo mbali sana usiiamini, na kwa uzito uleule ni ndefu zaidi, inakula nafasi ya baruti ndani ya ganda, so usibebe kipimo cha baruti cha kichwa kingine ukakiweka hapo, fungua kitabu cha mtengenezaji uanze kipimo cha chini kisha upandishe taratibu. California huna uchaguzi, tangu Julai 2019 kuwindia vichwa vyenye madini ya risasi ni marufuku.

Vile vya shabaha vilivyofunikwa shaba hadi nchani achana navyo kabisa, havifunguki, vinatoboa tu mnyama anakimbia akiteseka, na majimbo mengi yamevikataza.

Nunua paketi mbili tatu tofauti, nenda reinji (uwanja wa shabaha) ukavijaribu, ubaki na kile ambacho bunduki yako inakusanya matundu karibu karibu.