Somo: Uzio wa bustani ya nyumbani, nguvu iko kwenye kona

Uzio mwingi unaolala haukuanzia katikati. Wavu ukivutwa, mzigo wote unaishia kwenye nguzo za kona na za geti, zikilegea hizo basi mstari mzima unafuata. Kwa hiyo miti minene yote iende kona, myembamba ikae katikati.

1. Jua unamzuia nani. Sungura anachimba, kuku anaruka, mbuzi anaegemea. Wavu mwembamba wa kuku haumwezi mbuzi hata siku moja.

2. Piga mstari. Chomeka vigingi kwenye kona, funga uzi. Kupata kona ya mraba, pima mita 3 upande mmoja na 4 upande wa pili; kati ya alama hizo mbili ziwe 5 kamili.

3. Chimba. Nguzo ya kona izame theluthi ya urefu wake. Za katikati sentimita 60 zinatosha, kila baada ya mita 2 hadi 2.5. Tia kokoto kidogo chini ili maji yasituame. Halafu udongo: rudisha kidogo kidogo, kama sentimita 15, shindilia kwa mtaimbo, ongeza tena. Wengi hujaza shimo lote kisha wanakanyaga juu. Juu panakaza, chini kuna uwazi. Itikise nguzo huku unatazama shina lake; ukiona ufa mwembamba unafunguka na kufumba kwenye udongo, fukua urudie. Timazi (uzi wenye kitu kizito, wa kupimia kama nguzo imesimama wima) itumike kabla ya kushindilia, si baada.

4. Tegemeza kona. Mti wa mshazari kila upande, ulale kwenye mstari wa uzio, mguu wake ukanyage jiwe bapa lililofukiwa. Ukiruka hatua hii, hizo nyingine umejisumbua bure.

5. Wavu. Anza kona, vuta, pigilia misumari ya U. Kwenye nguzo za katikati usiizamishe yote, wavu upate kuteleza kidogo. Kama kuna wachimbaji, kunja sentimita 30 za chini kuelekea nje, ufukie.

Geti liwe na upana wa mita 1, toroli ipite bila kukwaruza vidole.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kona nimemwagia zege leo. Kesho navuta wavu?*
Hapana. Ipe wiki nzima, na uimwagilie maji siku za mwanzo.

*Nipake oili chafu miti isiliwe na mchwa?*
Kwenye bustani ya mboga, usithubutu. Inaingia kwenye udongo unaokulisha. Nunua miti iliyotiwa dawa kiwandani. Mti huoza zaidi pale unapokutana na uso wa ardhi, kwa hiyo inua udongo kidogo kuzunguka shina maji yakimbie.

*Vipi minyaa badala ya nguzo, mwalimu? Sina hela ya wavu.*
Inashika upesi kwa vipandikizi, ila utomvu wake ni hatari kwa macho. Ukikata vaa miwani, na kama nyumbani kuna watoto wadogo, tafuta mti mwingine.

*Kuku wangu wanaruka mita 1.5 bila wasiwasi. Niongeze urefu?*
Kwanza punguza manyoya marefu ya bawa moja tu, wakose mizani. Yakiota upya, kata tena.