Mambo ya Kuzingatia Kabla Pancha Haijakukuta Njiani

Anayesafiri kwa baiskeli katika barabara za vumbi za Dodoma au Singida, hasa kiangazi ambapo mbigili zimekauka na kutapakaa kandokando ya njia, hana budi kuihesabu pancha kuwa sehemu ya safari. Kinachomkwamisha mtu mara nyingi si tundu lenyewe, bali kifaa ambacho hakukijaribu akiwa nyumbani.

Gundi ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Gundi ya viraka ikishafunguliwa huendelea kukauka hata kifuniko kikikazwa vizuri. Niliwahi kuiminya nikiwa porini ukatoka utando mgumu tu, nikaikokota baiskeli na gunia la mahindi hadi kijiji kilichofuata. Tangu siku hiyo hubeba mbili, moja ikiwa haijatobolewa. Pamoja na gundi, weka kipande cha msasa, kwa kuwa kiraka hakishiki juu ya mpira unaong'aa. Kabla ya safari, jizoeze kwa tyubu kuukuu: sugua eneo pana kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, kisha subiri kama dakika tano hadi mng'ao upotee na gundi isinate kidoleni. Wengi hubandika gundi ikiwa bado mbichi, nao ndio wanaolalamika kwamba viraka vya siku hizi ni vibovu.

Chukua spana inayoshika sawasawa nati za gurudumu la nyuma, uifungue kila nati mara moja nyumbani na kutia mafuta palipo na kutu. Hata hivyo, spana si ya kila pancha, kwa maana ukishajua tundu lilipo unaweza kuipindua baiskeli, ukatoa upande mmoja wa tairi na kuvuta nje sehemu ile tu ya tyubu. Kwa kazi hiyo, mikono miwili ya vijiko vya chuma inafaa kuliko bisibisi, ambayo huibana tyubu na kuitoboa upya.

Pampu isiyovuta huenda ngozi yake ya ndani imekauka. Ilainishe kwa mafuta. Kagua pia kijimpira cha valvu, ikiwa yako ni ya aina hiyo, na ubebe kingine cha akiba. Pakaza mate kwenye mdomo wa valvu kabla ya kufungua tairi: mapovu yakitoka hapo, huna pancha ya kuziba.

Usisahau koleo ndogo. Mwiba wa mbigili hukatikia ndani ya tairi, ukabaki ncha fupi isiyoonekana kwa macho, kwa hiyo pitisha vidole taratibu upande wa ndani, mzunguko mzima, mpaka uihisi na kuing'oa. Ikibaki, itaitoboa tyubu tena kabla hujamaliza kurudisha pampu kwenye fremu.