Mashine ya barafu kwenye friji: anza na maji

Mashine nyingi za barafu ninazoitwa kutengeneza hapa Kigoma huwa nzima. Kinachosumbua ni maji, kwa hiyo tuanze na maji.

Hatua ya 1: Pima presha. Mwanga, Gungu, Ujiji, wengi tunategemea simtanki maana bomba halitoki kila saa. Kimo cha mita 10 kinakupa bar 1 tu. Tanki lililo mita 3 juu ya friji linatoa bar 0.3, wakati mashine nyingi zinataka walau bar 1.4. Valvu ya umeme nyuma ya friji hufunguka kwa sekunde chache. Maji yakija kinyonge, trei ya kugandishia barafu haijai, unapata vipande vyembamba vyenye uwazi katikati. Kibaya zaidi, valvu hiyo huhitaji presha hiyohiyo ili ijifunge vizuri. Ikikosa, inavujisha tone tone, na matone yanaganda ndani ya mrija unaoingiza maji kwenye trei mpaka unaziba. Funga pampu ndogo ya kuongeza presha, na chujio kabla ya friji.

Kuna mama mmoja wa Mwanga nilimbadilishia mashine nzima, barafu ikagoma vilevile. Sikuwa nimepanda kuangalia tanki lake. Nilimrudishia hela ya ufundi, na tangu siku hiyo naanzia juu ya mnara wa tanki.

Hatua ya 2: Weka friza kwenye nyuzi -18. Trei isipopoa vya kutosha, mashine haimwagi barafu hata kama maji yapo. Friji mpya ipe saa 24, na barafu ya mwanzo itupe.

Hatua ya 3: Mkono wa waya ulio pembeni mwa mashine ukiwa chini, mashine inafanya kazi, ukiunyanyua, inasimama. Ndoo inayopokea barafu ikijaa, barafu yenyewe inaunyanyua.

Hatua ya 4: Linda barafu na harufu. Hapa kwetu friza haikosi migebuka au dagaa, na barafu hunyonya harufu haraka. Utamwekea mgeni juisi ya pasheni, anywe mara moja aiweke mezani. Samaki wakae kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, mfuko wa plastiki hautoshi. Kila baada ya wiki mbili mwaga barafu yote, osha ndoo kwa maji ya uvuguvugu na magadi soda, kisha ikaushe kabisa. Unyevu mdogo tu unagandisha vipande vikawa bonge.

Chenga nyeupe chini ya glasi zisikutishe. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi, na yakiganda madini hujitenga. Chujio badilisha kila miezi 6, mapema zaidi maji yakija na tope.

Hatua ya 5: Umeme ukikatika, nyanyua mkono wa waya. Ukirudi, kagua ndoo kwanza. Ukikuta bonge, toa ndoo ukaliyeyushie nje. Usiligonge kwa kisu humo ndani.

Mrija ukiziba, chomoa friji kwenye umeme na ukande kwa kitambaa cha maji ya moto. Rudisha umeme, shusha mkono, subiri saa kadhaa. Ukisikia maji yanaingia kwa sekunde chache halafu kimya, bila tone kufuata, valvu imefunga.