Seli ya jua kwa zambarau: kazi iko kwenye utando mweupe

Zambarau zilizoiva za soko la Kibuye, Kisumu, zina anthosianini (rangi ya zambarau ya matunda) ya kutosha kuendesha seli ya jua inayonasa mwanga kwa rangi, aina waliyoitangaza wanakemia O'Regan na Grätzel mwaka 1991. Tafuta vioo viwili vilivyopakwa oksaidi ya bati. Pima kila upande kwa mita ya umeme: ikisoma omu 10 hadi 30, huo ndio upande unaopitisha umeme.

Saga gramu 6 za titaniamu dioksaidi ya chembe za nano, ukiongeza siki nyeupe mililita 1 baada ya nyingine hadi 9. Unga wa kiwanda cha rangi usijaribu: chembe zake ni kubwa mno. Malizia kwa tone la sabuni ya maji, bila kukoroga sana, maana povu huacha mashimo. Bandika selotepu kwenye kingo tatu za kioo kimoja, upande unaopitisha umeme, tandaza uji kwa fimbo ya kioo, ukikauka uibandue.

Choma kwenye tanuri kwa nyuzi 450 za Selsiasi dakika 30. Oveni ya jikoni haifiki hapo. Utando utageuka kahawia, kisha utarudi kuwa mweupe: sabuni imeungua na chembe zimeshikana. Ukiutoa ungali kahawia, elektroni zitakosa njia. Kiache kioo kipoe humo humo tanurini, la sivyo kitapasuka.

Ponda zambarau sita, chuja, zamisha kioo dakika 10. Kitazame kwa nyuma. Ukiona weupe, kirudishe. Suuza kwa maji, halafu spiriti, ukaushe. Utando peke yake hunasa urujuanimno tu, mwanga usioonekana kwa macho. Rangi ya zambarau ndiyo inayonasa mwanga wa kawaida, na kwa kuwa imefungamana na titaniamu, elektroni yake huvukia kwenye utando kabla haijapoteza nguvu. Rangi iliyokaa juu juu haichangii kitu, ndiyo maana tunasuuza.

Kioo cha pili kipake risasi ya penseli ya 6B, upande unaopitisha umeme. Vilaze uso kwa uso, vikipishana milimita 5 pa kushikia waya, ubane kwa klipu za karatasi. Penyeza tone la mchanganyiko huu: potasiamu iodaidi gramu 0.83 na iodini gramu 0.13 katika mililita 10 za ethilini glaikoli isiyo na maji. Maji ya rejeta hayafai. Glaikoli ni sumu, ifungie mbali na watoto.

Jua la saa sita litakupa volti 0.3 hadi 0.5, kioo chenye utando kikiwa hasi. Ukipata sifuri, vioo vimegusana. Volti zipo lakini mkondo hakuna? Utando umepasuka, au haukuiva. Ikidhoofika baada ya siku kadhaa, glaikoli imenyonya unyevu wa ziwa: fungua, pangusa, weka tone jipya.