Kuifufua CZ 250 ili irudi uwanjani

Ukitaka pikipiki ya zamani ya kuweka sebuleni, nunua yoyote inayong'aa. Mimi ninamwandikia anayetaka kuitoa gereji Jumapili alfajiri, aipakie kwenye trela, akashindane, na jioni airudishe imejaa tope. Hiyo ni kazi nyingine, na pesa zake zinakwenda kwingine: kwanza kwenye kranki, sili, spoki na shokapu. Rangi inakuja mwisho, hela zikibaki.

Ufundi nilijifunza Mombasa, siku hizi naishi katikati ya Uingereza, na pikipiki ninayoijua mpaka mifupa ni CZ 250 ya motokrosi iliyotengenezwa Strakonice, katika iliyokuwa Chekoslovakia. Wengi hapa wanapenda Husqvarna na Maico, na siwalaumu. Lakini kwa anayeanza, nasema CZ, tena nasema kwa moyo mmoja. Joël Robert wa Ubelgiji alichukua ubingwa wa dunia wa motokrosi wa daraja la 250 cc akiwa juu ya CZ mwaka 1964, akarudia 1968 na 1969. Kati ya miaka hiyo, 1965, aliuchukua Victor Arbekov wa Umoja wa Kisovieti, naye kwa CZ. Kwenye daraja la 500, Paul Friedrichs wa Ujerumani Mashariki alishinda mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968, kwa CZ ya 360. Na Uingereza aliyeziuza ni Dave Bickers, mwenyewe bingwa wa Ulaya wa 1960 na 1961 akiwa na Greeves, pikipiki ya Kiingereza. Huyo alikuwa anajua anachouza.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni ya fundi. Kiwanda kiliziuza pikipiki hizi kwa wingi, hasa kwa vilabu vya Ulaya Mashariki, kwa hiyo vipuri bado vipo. Silinda yake ina slivu ya chuma ndani, inaborika, yaani inachongwa upya ikichakaa. Na chuma chote kimetengenezwa kinene, kwa watu waliokuwa mbali na duka.

Zile za katikati ya miaka ya 1960, zenye mabomba mawili ya moshi, ni adimu na bei yake inauma. Anza na ile inayofuata baadaye, aina 980, ambayo bomba lake moja linapita ubavuni, yenye tangi jekundu la umbo la jeneza. Ile ya tangi la njano iliyotoka baada ya Jaroslav Falta, mwendeshaji wa CZ, kuukosa ubingwa wa 1974 dakika za mwisho ni nzuri pia, ila huko wakusanyaji wa pikipiki za zamani wamekwisha kufika na kupandisha bei.

Unapokwenda kununua, usiitazame rangi. Tazama kama imekamilika. Pistoni, beringi, nyaya, rimu, usukani, matairi: vyote hivyo utavipata. Vinavyosumbua ni tangi la asili, habu za magurudumu, bomba la moshi lisilokatwa, boksi la chujio la hewa na mkono wa kiki. Pikipiki chafu iliyotimia kila kitu ina thamani kuliko iliyopakwa rangi jana ikiwa na tangi la pikipiki nyingine. Shika tochi, chungulia nyuma ya sproketi ya mbele. Hapo ndipo mnyororo ukikatika hujikunja na kupasua kesi ya injini. Ukiona mstari wa kuchomelea, uliza nani aliyechomelea na lini. Injini za Maico na nyingine kadhaa za zama zile zina kesi za magnesiamu, na magnesiamu ikiachwa bandani kwenye unyevu inaliwa hadi inakuwa unga. Hiyo ukiikuta, geuka urudi nyumbani.

Muuzaji akisema inawaka, gusa injini kabla hajaipiga kiki. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujafika, na kuna sababu. Mwambie mnywe chai kwanza, ipoe. Kisha shika gurudumu la nyuma ulisukume kulia na kushoto: likicheza, bushi za mkono wa nyuma unaobeba gurudumu zimekwisha, jambo dogo lakini la kupunguzia bei. Andika namba ya fremu na ya injini kwenye risiti, muuzaji aweke sahihi. Pikipiki hizi huibwa, na risiti ndiyo kinga yako.

Ukishaifikisha nyumbani, ipige picha kila upande kabla ya kufungua hata nati moja. Kila bolti na washa zake ziingie kwenye mfuko wenye jina. Usitupe kipande chochote, hata kilichovunjika, mpaka kipya kiwe kimefungwa mahali pake na kimekubali. Bushi iliyovunjika bado inakuonyesha kipimo.

Sasa injini, na hapa nitakaa kidogo, maana mtu akikosea hapa mengine yote ni bure.

Injini ya mipigo miwili inapumulia chini, ndani ya nyumba ya kranki. Mchanganyiko wa petroli na hewa unaingia kule kwanza, unabanwa, ndipo unapanda juu. Kwa hiyo sili mbili za kranki, zile pete za mpira zinazoziba ncha zake, zina kazi kubwa kuliko unavyodhani ukizitazama. Baada ya miaka 50 mpira wake umekuwa mgumu. Sili ya upande wa sumaku ikivuja, injini inavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, na pistoni inashika katikati ya mteremko. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inanyonya oili ya gia na moshi mweupe haukomi. Wapo wanaonunua pistoni mpya wakaacha sili za zamani. Huko ni kuiunguza pistoni mpya kwa hiari yako.

Fungua kesi yote basi. Kuitenganisha, usitumie bisibisi katikati ya nyuso mbili. Utaacha alama, na alama ni uvujaji. Pasha kesi joto la nyuzi 100 hivi kwenye oveni na beringi zitatoka zenyewe. Mpya zilaze kwenye friza usiku kucha, pasha kesi tena, ziingie bila nyundo. Nunua zenye alama ya C3, yaani zenye nafasi kidogo zaidi ndani, kwa sababu kranki ikipata moto hutanuka.

Shika konrodi, fimbo inayounga pistoni na kranki, ivute juu na chini. Isicheze hata kidogo. Kucheza pembeni ni kawaida. Ikicheza juu na chini, kranki inahitaji pini, beringi na konrodi mpya, na kazi hiyo mpelekee mwenye presi na geji. Mwambie unataka isipinde zaidi ya milimita 0.03, na akikurudishia uombe akuonyeshe sindano ya geji ikizunguka. Fundi mzuri hatakasirika.

Silinda ipime kipenyo juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili, maana huchakaa kwa umbo la yai. Ikihitaji kubori, mpe fundi wa mashine pistoni mkononi, asibori kwa kusoma namba kwenye boksi. Kipimo cha asili ni milimita 70 kwa mpigo wa 64. Akimaliza, kingo za madirisha ya silinda, matundu ya kupitishia gesi, zipigwe tupa laini, vinginevyo zitakata ringi. Mwanya wa ringi, ikiwa ndani ya silinda, mimi nataka milimita 0.25 hadi 0.30.

Kabla ya kuipandisha injini kwenye fremu, ijaribu kwa hewa. Ziba mlango wa moshi na wa kabureta kwa vipande vya mpira na vibati, pampu kwa mkono hadi 0.4 bar, usubiri dakika 5. Sindano ya geji ikishuka, paka maji ya sabuni, povu litakuonyesha. Jaribio hili halina gharama, na sijui kwa nini watu wengi hulikimbia.

Kabureta ya asili ni Jikov. Slaidi yake ikichakaa, injini haitulii tena hata ufanye nini. Mimi hufunga Mikuni, kabureta ya Kijapani, na Jikov naiweka kabatini kwa heshima zake, atakayeinunua pikipiki siku moja apewe zote mbili. Kuhusu moto, pointi za PAL, zile zinazokata umeme ili plagi ipige cheche, zinafanya kazi ukizitunza, ila pima mwasho kwa milimita za pistoni kabla ya kilele, geji ikiwa imesimama kwenye tundu la plagi. Jicho halitoshi. Anayetaka amani afunge mfumo wa elektroniki chini ya kifuniko kilekile. Kwa nje hauonekani. Petroli naichanganya 250 ml za oili kwa lita 8.

Petroli yenyewe sasa ni tatizo. Tangu 2021 ya kawaida hapa Uingereza ni E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hulainisha matangi ya faibaglasi ya Bultaco na Greeves mpaka utomvu unashuka kwenye kabureta. Tangi la chuma la CZ linavumilia, lakini mipira na mirija ya zamani haivumilii. Nunua ile ya bei ya juu yenye E5, na usiiache ndani ya tangi wiki nzima.

Fremu ioshe mpaka chuma kionekane, kisha ipitishe kwa kioo cha kukuza kwenye shingo ya usukani na pale vikanyagio vilipochomelewa. Nyufa hukaa hapo. Magurudumu yafunguliwe, spoki mpya zifungwe, na habu zichongwe ndani ziwe duara kamili zikiwa zimeshafungwa kwenye rimu, kwa sababu spoki zikikazwa huvuta habu. Breki za ngoma zisizo duara hukamata na kuachia, na kwenye tope hilo linakuangusha.

Shokapu ndipo sheria zinapoingia. Marekani, chama cha mbio za pikipiki za zamani, AHRMA, kwa daraja la vintage kinaruhusu gurudumu la nyuma lisafiri inchi 4 tu, na la mbele inchi 7. Uingereza vilabu vina madaraja yao: kabla ya 1965, kabla ya 1974, shokapu mbili, na Evo, yaani zile za kwanza za shokapu moja. Soma kanuni za klabu yako kabla ya kununua shokapu, na kabla ya kununua pikipiki yenyewe. Shokapu mpya za urefu wa asili zenye springi ya uzito wako ndiyo pesa itakayokusaidia zaidi baada ya injini. Za asili zilikuwa hafifu tangu siku ya kwanza.

Ikiwaka, usikimbilie uwanjani. Iache ipate joto, izime, ipoe kabisa, rudia. Kaza tena bolti za kichwa ikiwa baridi. Ichomoe plagi: rangi ya chokoleti ni salama, nyeupe ni hatari, simama hapohapo.

Siku ya mbio, wakaguzi watatazama vikanyagio kama vinakunjika na kurudi kwa springi, ncha za mikono ya breki na klachi kama zina kirungu, kama kishikio cha petroli kikiachiwa kinajifunga chenyewe, na kama kitufe cha kuzimia kinafanya kazi. Kofia, buti na kinga ya kifua viwe vya leo. Pikipiki ndiyo ya zamani, shingo yako si ya zamani. Na ukiazima BSA au Bultaco ya miaka ile kwa majaribio, kumbuka gia ziko mguu wa kulia na breki kushoto. Zunguka taratibu mpaka miguu ikubali.

Hapa kuendesha ni tofauti na wanavyoendesha vijana wa uwanja wa Jamhuri kule Nairobi au wa Busiika kule Uganda, wenye pikipiki mpya zinazoruka wanavyotaka. Inchi 4 hazikubali kuruka. Simama kwenye vikanyagio, magoti yawe ndiyo shokapu yako ya tatu, na gurudumu la nyuma liguse ardhi muda wote. Breki zianze mapema, na baada ya dimbwi zivute kidogo zikauke kabla hujazihitaji. Kwenye kilima cha Hawkstone Park, Shropshire, palipokuwa na mbio za ubingwa wa dunia miaka ya 1950 na 1960, chagua gia moja chini kabla ya kupanda na usiguse klachi mpaka juu. Ukibadilisha gia katikati ya mchanga ule, utamalizia kwa kusukuma. Na wenye CZ hawashindi mwanzo wa mbio, kamba ya mpira inapofyatuka. Wanashinda mzunguko wa nne, wengine mikono imekufa ganzi.

Ukirudi, ioshe kwa ndoo na brashi. Bomba la presha lisielekezwe kwenye habu wala kwenye mlango wa hewa. Kamua petroli yote kwenye tangi na bakuli la kabureta, paka mnyororo oili ungali na joto, kisha pita na spana kwenye kila nati, hasa za kushikia injini. Spoki zigonge moja moja kwa bisibisi ndogo: inayolia sauti nzito imelegea, ikaze robo mzunguko, ugonge tena.